Casimir Hakuwa na Dawa

Casimir Kalenga alikuwa na desturi ya kuinua mkono wake wa kushoto, kiganja kikielekea juu, na kuuacha hewani mpaka kwaya nzima ya Kikula, mtaa wetu wa Likasi, ivute pumzi kama kifua kimoja. Hakuruhusu mtu aimbe kabla ya hapo. Wageni waliotoka mtaa wa Panda kuja kusikiliza walidhani amesahau wimbo, maana ukimya ule ulikuwa mrefu. Kisha mkono ulishuka, sauti zikatoka zote pamoja, na hakuna aliyekumbuka tena ule ukimya.

"Minye sibafundishe kuimba," aliwaambia wanakwaya. "Kuimba munajua tangu mu tumbo ya bamama yenu. Minye nabafundisha kupumua. Mutu wa kupumua mubaya, wimbo itamukufia mu njia."

Mkewe Émérence, aliyeimba sauti ya pili katika mstari wa mbele, alizoea kumjibu kwa kunong'ona ili wenzake wacheke: "Basi tupumue mbio, Baba Delphine. Mboga inaungua ku nyumba."

Delphine alikuwa binti yao wa pekee, aliyeolewa Kolwezi. Nyumba ilibaki na wao wawili.

Casimir alizaliwa Buluo, kwa wakulima wa mahindi na mihogo, mahali ambapo ukuta wa gereza kuu umekaribia mashamba kiasi kwamba watu hufuata kengele ya wafungwa kwenda kulima na kurudi. Alikuja mjini kijana, siku ambazo Likasi ilikuwa bado inaitwa Jadotville, akaajiriwa katika kiwanda cha shaba. Baadaye dola iliifanya kampuni ile kuwa mali yake, bendera zikabadilishwa langoni, na tindikali ikabaki ileile. Alifanya kazi katika ukumbi wa elektrolizi, mahali ambapo mabeseni marefu yamepangwa safu kwa safu, na shaba hujishikiza polepole juu ya mabamba yaliyotumbukizwa ndani mpaka yanakuwa mazito ya kutosha kutolewa. Mvuke wa tindikali hula mashati na meno. Casimir aliwazoeza wenzake kuinua kwa pumzi moja, kama kwaya, na kwa miaka mingi hakuna mtu wa kikosi chake aliyeumia.

Serikali ilipotuamuru tuyatupe majina ya ubatizo, kazini akawa citoyen Kalenga, yaani mwananchi Kalenga. Nyumbani na kanisani alibaki Casimir, kwa sauti ya chini. Utawala uliojivuna kwamba unaturudishia uhalisi wetu ulitufundisha kunong'ona majina yetu wenyewe.

Sasa lazima nieleze neno moja, kwa sababu ndilo lililomuua, likisaidiwa na watu ambao hawakujali kulieleza.

Kwetu neno dawa lina nyuso mbili. Hospitalini ni chupa na sindano. Mtaani, mtu akikuambia "uko na dawa", haulizi habari ya afya yako, anakushtaki. Anasema kwamba umefunga kitu katika kitambaa na kukizika chini ya kizingiti, na kwamba cheo ulichonacho hukukipata kwa jasho. Kile kidonge unachokinunua dukani, kwa upande wake, hakiitwi dawa. Kinaitwa kinini, jina lililobaki tangu zamani za kwinini, nacho huitwa hivyo kiwe cha malaria, cha kichwa, cha tumbo au cha usingizi. Mwanamke wa Kikula anaweza kuwa na kinini za kujaza sahani nyumbani mwake, akaapa mbele ya Mungu kwamba hana dawa, na hatakuwa amesema uongo.

Casimir alipofanywa kapita, yaani msimamizi wa kikosi, alikuwapo mtu aliyekitazamia cheo kile. Aliitwa Léon. Siku ya kwanza alimsubiri langoni, watu wakiwa wengi.

"Kapita! Utuonyeshe kwenye ulizika dawa yako, na siye tupande."

"Dawa yangu ni kuamuka mapema, Léon. Weye ile itakushinda."

Watu walicheka, na Léon mwenyewe akacheka. Lakini neno lilitoka langoni, likavuka njia, likafika parokiani. Wakati ule paroko alikuwa ametoka kumwondoa katekista mmoja aliyekutwa na hirizi ya kulinda kazi. Casimir naye akaitwa, akaulizwa. Aliapa mbele ya altare kwamba katika nyumba yake hakuna dawa, wala hapajawahi kuwapo. Aliruhusiwa kuendelea na kwaya. Tangu siku hiyo neno lile lilikuwa kwake kama kidonda, ukiligusa, anaruka.

Kazi ya kiwanda ilikuwa ya zamu: juma hili mchana, juma lijalo usiku. Aliyetoka zamu ya usiku alitakiwa kulala jua likiwaka, katika mitaa ambayo tangu asubuhi inapigiwa ngoma za animation, zile nyimbo na michezo ya kukisifu chama na kiongozi wake. Casimir, mwenye masikio ya mwanamuziki, alishindwa. Daktari mmoja wa zamani alimwandikia gardenali, kinini ya usingizi, na tangu hapo aliinunua kwa Mgiriki mwenye duka la dawa karibu na soko. Mgiriki yule alikuwa mkali. Hakumpa mtu kitu bila kumhoji, tena kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, kidole kikitikisika. Siku moja Émérence alikuwapo.

"Hii na pombe, hapana!" alisema Mgiriki. "Na docteur kama anapa kinini ingine, weye kwanza kuya hapa kwangu, kuonyesha. Nasikia?"

"Minye sinywake pombe," alijibu Casimir kwa heshima.

"Minasema na kinini ingine, Papa! Kuya kuonyesha!"

Huo ndio ulikuwa ulinzi wote aliokuwa nao Casimir: mgeni mmoja mwenye kelele, aliyejua kazi yake. Kisha ikaja amri ya kuwanyang'anya wageni maduka yao na kuwapa wananchi. Sisemi kwamba wageni wote walikuwa watu wema. Wengi walitunyonya, na nilikuwa miongoni mwa waliotaka jambo lile libadilike. Lakini sikutaka duka la dawa lipewe muuza vitambaa kwa sababu tu ndugu yake alikaa mstari wa mbele katika mikutano ya chama. Mgiriki akaondoka. Mwenye duka mpya alizimwaga kinini katika mitungi ya kioo, akaziuza kwa kuzikunja katika karatasi, akiziita kwa rangi. Hakumhoji mtu. Wateja walimsifu kwa upole wake.

Mwezi wa tano, baridi ya kiangazi ilipoanza, kampuni iliwataka wafanyakazi waongeze uzalishaji ili kuiheshimu sikukuu ya chama. Mabamba yaliinuliwa mbiombio, pumzi zikisahauliwa. Ndoano iliteleza. Bamba zito la shaba lilizunguka hewani na kumpiga Casimir ubavuni, akaanguka kati ya mabeseni mawili. Aliyekuwa wa kwanza kumfikia ni Léon. Yeye na wenzake walimbeba mpaka zahanati ya kiwanda, wakamketisha kwenye benchi la korido.

Wengine watasema daktari alikuwa mtu mbaya. Hakuwa mbaya, alikuwa amechoka, alitoka mkoa mwingine, alijua Kifaransa na Kilingala, Kiswahili hakukijua. Alitafsiriwa na muuguzi Evariste, kijana wa Likasi, mchangamfu, aliyependwa. Wala hapakuwa na chumba cha kumhoji mgonjwa faraghani. Chumba kilichokuwapo kilikuwa kimegeuzwa ghala la vitambaa vya sherehe. Kwa hiyo mwili wa mtu ulichunguzwa koridoni, na siri zake zikaulizwa mbele ya wote waliokuwa wakingoja.

Daktari alimpapasa mbavu, akasema mbili zimevunjika, atampa kodeine kwa maumivu. Kisha, na hili nalihesabu kwa faida yake, alikumbuka kuuliza.

"Demande-lui s'il prend d'autres médicaments." Yaani, mwulize kama anameza vidonge vingine.

Evariste alipaza sauti ili asikike juu ya kelele za korido:

"Kapita! Docteur anauliza: kule ku nyumba yako uko na dawa ingine?"

Mtu mmoja alicheka puani. Léon, aliyekuwa bado amemshika bega, alitazama sakafu. Na Casimir, ambaye muda mfupi uliopita hakuweza kukaa wima, alikaa wima.

"Minye? Dawa? Munganga, minye ni muKristu! Mu nyumba yangu haina dawa, haina ya mu kitambaa, haina ya chini ya mulango. Kama docteur iko na mashaka, atume batu bachimbe!"

"Bachimbe! Bachimbe!" walirudia watu wa benchi, na kicheko kikavunjika kutoka mwisho mmoja wa korido mpaka mwingine. Evariste naye alicheka, akipangusa macho.

"Il dit quoi?" aliuliza daktari, akitaka kujua mgonjwa amesema nini.

"Il dit non, docteur. Rien du tout." Amekataa, hakuna chochote.

Daktari aliandika, akageukia mgonjwa mwingine. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyedanganya. Mmoja aliuliza habari ya vidonge, wa pili akauliza habari ya dawa, wa tatu akajibu habari ya uchawi, na jibu likarudi kwa wa kwanza likiwa safi kama maji.

Mtu asiyejua na ajue hapa. Gardenali, kwa kiasi chake, humpa mtu usingizi. Kodeine, kwa kiasi chake, humpunguzia maumivu. Lakini zote mbili zinatuliza mahali pamoja, pale ndani ya ubongo panapomwamuru mtu avute pumzi hata asipofikiri. Zikikutana, moja huibebesha nyingine mzigo, na ile amri ya kupumua yenyewe husinzia. Hii si siri ya waganga wa msituni. Imo katika vitabu ambavyo daktari alivisoma, na ndiyo iliyokuwa ikikitikisa kidole cha Mgiriki.

Casimir hakupewa mapumziko. Alipewa kazi nyepesi, maana yake kuketi usiku kwenye mlango wa ukumbi na kuhesabiwa kuwa yuko kazini. Baridi ilimwingia mbavuni. Asubuhi alirudi, akameza kinini ya hospitali kwa maumivu. Ngoma zilipoanza, akameza ile nyingine ili alale. Maumivu yalipomwamsha, alimeza tena.

Katika mazoezi ya kwaya ya Alhamisi jioni aliinua mkono wake kama kawaida. Wanakwaya walivuta pumzi, wakaishika. Mkono haukushuka. Waliishika mpaka mtu wa besi akaanza kukohoa, ndipo wakaona kwamba macho ya kiongozi wao yamefumbwa.

"Kapita analala akisimama, sawa farasi!" alisema mmoja, na wakacheka.

Casimir alifungua macho, akatabasamu kwa haya. "Munisamehe. Tuanze." Ulimi wake ulikuwa mzito, kama wa mtu aliyetoka kwa daktari wa meno. Njiani kurudi nyumbani aliburuta miguu.

"Uko mugonjwa, Baba Delphine," alisema Émérence.

"Ni kuchoka tu."

"Kuchoka nakujua. Hii haiko yenyewe."

Ijumaa mchana, Émérence alikuwa akichambua maharagwe mlangoni, naye mumewe amelala ndani. Kwa miaka mingi alikuwa ameimba chini ya mkono wa mtu yule. Alizijua pumzi zake kuliko alivyozijua zake mwenyewe, mahali anapovuta, mahali anapopumzika, urefu wa kila pumziko. Alisikia akivuta. Alisikia akitoa. Akangoja ivutwe nyingine, kama mwimbaji anayengoja zamu ya sauti yake, na haikuja. Aliweka sinia chini. Ikaja, nzito, kama ya mtu anayeibuka majini. Aliingia ndani, akamtikisa. Midomo yake ilikuwa imekuwa na rangi ya majivu.

"Juu ya nini unanisumbua?" alilalamika Casimir. "Leo usingizi ni mutamu."

Mchana uleule Émérence alikwenda kwa miguu mpaka zahanati. Aliyekaa mezani mlangoni hakuwa muuguzi wala daktari, alikuwa karani tu.

"Mugonjwa ni weye, citoyenne?"

"Ni bwana yangu, Kalenga. Anapumua mubaya."

"Mbavu zilivunjika, mama. Ulitaka apumue namna gani, sawa mutoto?"

"Anaacha kupumua. Halafu anaanza tena. Minye nasikia."

"Basi akuye yeye. Docteur hapimake mutu kwa kuhadisiwa."

"Kesho asubuhi tutakuya."

"Kesho hatuko. Kesho ni répétition ya défilé, hopitali yote inatoka. Kuya lundi, juma ikianza."

Hospitali yote inatoka! Naomba msomaji aisome sentensi hiyo mara ya pili. Katika mji ambao watu hufanya kazi juu ya tindikali na chini ya vyuma vinavyoning'inia, waganga waliamriwa kwenda kucheza ngoma katika mazoezi ya gwaride la chama, na hakuna aliyeona ajabu.

Jumamosi asubuhi Casimir alirudi kutoka zamu, mkono umeshika ubavu. Mtaa ulikuwa ukimwagika kwenda uwanjani. Ngoma zilikuwa zimeanza. Aliketi kitandani, akamimina mkononi kinini ya hospitali na kinini ya dukani, akazimeza pamoja kwa kikombe kimoja cha maji. Émérence alikuwa amesimama mbele yake. Alizitazama karatasi mbili zilizobaki juu ya kiti, moja kando ya nyingine, na ndipo alipokisikia tena kile Kiswahili cha kuvunjikavunjika.

"Baba Delphine. Ule Mgiriki alisema nini juu ya kinini ingine?"

"Mgiriki alirudia kwabo."

"Alisema tumuonyeshe!"

"Tumuonyeshe wapi sasa?" alisema Casimir, tayari amejilaza. "Uende, Mama Delphine, basikuandike kama umekosa défilé. Minye nalala kidogo."

Émérence alitafuta jirani wa kukaa naye. Nyumba zote zilikuwa zimefungwa. Duka la dawa lilikuwa limefungwa pia, mwenyewe akiwa uwanjani katika shati jipya la chama. Basi Émérence alizishika zile karatasi mbili kifuani, akakimbia.

Uwanja ulikuwa umejaa vumbi na vitambaa vya kijani. Safu za wafanyakazi zilikwenda mbele, zikarudi nyuma, zikiimba. Kijana mmoja wa vijana wa chama alimzuia kwa fimbo. "Mama, ingia mu mustari ao utoke!" Alipita chini ya fimbo. Evariste alikuwa katika safu ya zahanati, kofia imeinama upande mmoja, akicheza vizuri kuliko wote.

"Munganga! Angalia hizi."

"Mama Delphine! Weye pia huku?" Alikuwa bado anacheza. Kisha akauona uso wake, akasimama, akazifungua karatasi. "Hii minaijua. Njo yetu, ya maumivu. Na hii?"

"Ya kulala. Anameza zote mbili. Sasa hivi amezimeza."

"Ya kulala ya nani?"

"Yake! Tangu zamani, mbele ya mbavu."

Evariste alikiweka kidonge kimoja kiganjani, akakigeuza. Uchangamfu ulimtoka usoni kama maji yanavyotoka katika beseni lililopasuka.

"Mama, minye nilimuuliza. Mbele ya batu bote nilimuuliza. Alisema haina dawa!"

"Munganga," alisema Émérence, "hii haiko dawa. Hii ni kinini."

Safu iliyofuata ilikuwa imewafikia, ikawapita pande zote mbili, ikiimba. Evariste alitupa kofia, akaenda kwa mkuu wa safu kuomba ruhusa. Mkuu alisema hakuna atakayeondoka kabla gari la mjumbe wa chama halijapita. Evariste alisema kuna mtu anakufa. Mkuu alisema watu wanakufa kila siku, mjumbe anakuja mara moja. Evariste alisimama hapo, kazi yake upande mmoja na dhamiri yake upande mwingine, akitazama barabara tupu. Mwisho hakustahimili, aliruka kamba, akachukua baiskeli ya mtu, akampakia Émérence nyuma. Sitasema kwamba ule muda ungemwokoa Casimir. Sijui. Nasema kwamba hakuna mtu chini ya jua aliyekuwa na haki ya kuuchukua.

Walimkuta amelala chali. Blanketi lilikuwa limemfika kifuani, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umetoka nje, kiganja kikielekea juu.

Evariste alipiga magoti, akampulizia pumzi kinywani, akamkandamiza kifua kile kilichovunjika, akapuliza tena, akamwita kwa jina lake la ubatizo kwa sauti kubwa ambayo siku ile ingeweza kumpeleka gerezani. Ngoma zilisikika kutoka uwanjani. Aliendelea mpaka mikono yake ikashindwa, ndipo akaketi sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye ubao wa kitanda. Émérence alikuwa amesimama miguuni pa mumewe. Aliniambia baadaye kwamba alijua. Lakini macho yake hayakuutoka ule mkono, na yeye pia, kwa mazoea, alikuwa ameishika pumzi, akingoja ushuke.

Hospitali ilitangaza kwamba moyo umesimama. Kila maiti moyo wake umesimama! Tena, walisema, ulisimama nyumbani wala si kazini, kwa hiyo kampuni haihusiki.

Kwenye kilio hakuna aliyeiamini hospitali, na hiyo ilikuwa haki yao. Lakini walichokiamini badala yake kilikuwa kibaya vilevile. Wanaume walioketi kwenye moto uani walisema neno moja tu: dawa. Mtu mwenye nguvu halali mchana akafa. Ni nani aliyekitamani cheo chake? Ni nani aliyemshika bega kule koridoni? Léon alipoingia, kichwa wazi, amebeba kuni za msiba, hakuna aliyezipokea. Mmoja alimnyang'anya zile kuni, mwingine akachukua gogo mojawapo na kuliinua.

"Umetoka kumuona vile amelala? Unafurahi?"

"Ba yaya, minye nilimubeba," alisema Léon. "Minye njo nilimubeba."

"Ulimubeba na dawa mu mukono!"

Émérence alitoka ndani. Mjane wa siku ile hatakiwi kusimama wala kusema, lakini yeye alisimama, akasema.

"Muache Léon. Mulisema dawa alipokuwa muzima, akaogopa neno, akashindwa kumujibu munganga. Sasa munasema dawa tena, mutaua mutu wa pili. Bwana yangu aliuawa na kinini mbili. Moya ya hospitali, moya ya duka. Nilikuwa nasimama pale, nikaona akizimeza. Kila mutu aende ku nyumba yake aangalie chini ya kitanda yake kuko nini."

Gogo lilirudishwa chini. Sidhani kwamba wengi walielewa, lakini waliona haya, na siku ile haya ilitosha kumwokoa mtu mmoja. Léon aliketi mbali na moto mpaka mazishi, akilia kama aliyefiwa na ndugu.

Kampuni ilimtaka mjane aiache nyumba. Kabla ya kuondoka, Émérence aliyavaa mavazi yake meusi, akawa anakwenda kila asubuhi kuketi kwenye benchi la korido ya zahanati, kati ya wagonjwa. Huko ndani Evariste alikuwa amelibadili swali. Alikuwa akimwinamia mgonjwa na kumwuliza kwa sauti ndogo: ya hospitali, ya duka, ya mizizi, ya chupa, kinini, kila kitu chenye kupita kinywani. Daktari alimkatiza mara kadhaa, akisema: Kwa nini neno langu moja linakuwa hotuba kinywani mwako? Foleni imefika njiani. Fupisha.

Basi Émérence alianza kuuliza yeye, benchini, kabla watu hawajaitwa. Asubuhi moja aliketi kando yake mzee wa kutoka Kamatanda, aliyeshika kiuno.

"Tata, ku nyumba unamezaka nini?"

"Minye sina dawa, mwanangu," alisema mzee, akikasirika kidogo.

"Sikuulize dawa, tata. Fungua mufuko."

Mzee alimtazama, akatia mkono mfukoni polepole, akatoa karatasi iliyokunjwa. Ndani yake zilikuwa kinini zilezile za kulala, nyeupe, za duka la karibu na soko. Émérence alimshika mkono, akampeleka mpaka kwa Evariste.

Kesho yake aliyekaa mezani mlangoni alimwambia kwamba benchi ni la wagonjwa, na kwamba korido ya zahanati si mahali pa kufanyia siasa. Hata hivyo Émérence alirudi mara mbili. Mara ya pili walinzi walimtoa kwa mkono. Mwisho wa mwezi alipakia vyombo vyake juu ya lori, akaenda kwa shemeji zake, Buluo.

Nilipita zahanatini hivi karibuni. Chumba bado kimejaa vitambaa. Daktari amekwenda, amekuja mwingine, naye hajui Kiswahili. Evariste amenenepa, hachezi tena kwenye défilé kama zamani. Foleni ilikuwa ndefu, na nilimsikia kwa masikio yangu akimpazia sauti mama mmoja aliyekaa mwisho wa benchi:

"Uko na dawa ingine?"

"Hapana," alijibu yule mama, akitazama jirani zake.